Feni la Mzee Kalinga

Kitu cha kwanza alichokiona Atuganile kilikuwa kidogo, na hakuna aliyemtuma kukitazama. Sahani ya chini ilikuwa inazunguka kinyumenyume.

Mchungaji Eliezeri alikuwa katikati ya sala. Watu kama arobaini walikizunguka kisima cha Mzee Jailos Kalinga wakiwa wameinamisha vichwa, wanaume wameshika kofia mikononi kwa sababu ya heshima na kwa sababu ya upepo. Upepo wa Ruaha Mbuyuni huamka saa nane mchana, ukitoka bondeni kwa haraka kama mtu aliyechelewa kazini, na mzee alikuwa amefungua kamba ya mtambo kabla ya sala, maana upepo haungoji amina. Juu kabisa, mapipa mawili ya mafuta yaliyopasuliwa katikati na kupakwa rangi ya buluu yalizunguka kwa raha zao. Chini yake, ekseli ya gari kuukuu ilikuwa imesimamishwa wima kati ya nguzo nne, na katikati ya ekseli hiyo kulikuwa na lile tumbo la meno ambalo madereva huliita difu. Sahani ya juu, iliyowahi kushika tairi la kulia, sasa ilibeba mapipa. Sahani ya chini, iliyowahi kushika tairi la kushoto, ilining'inia ndani ya shimo fupi, inang'aa kwa grisi. Ubavuni mwa difu ilitoka shafti moja ya kulala, ikaenda hadi kwenye gurudumu la kamba juu ya kisima.

Mapipa yalikwenda huku, sahani ya chini ikaenda kule. Na ile shafti ya kulala, ambayo ndiyo iliyotakiwa kuvuta maji, haikutikisika.

"Amina," walisema watu, wakainua nyuso. Walipoona mapipa yanavyozunguka, wanawake walipiga vigelegele na wanaume wakapiga makofi. Kisha wote wakageukia mdomo wa bomba, wakangoja.

Bomba halikutoa hata tone.

Mzee Kalinga alitabasamu, akagonga bomba kwa spana. Akagonga tena. Akazunguka mtambo mara mbili, akashika hiki na kile, na kila alichokishika kilikuwa kizima. Watu walianza kutazamana.

"Kaka Jailos," alisema Edmund, mwenye pampu ya petroli, "hilo feni ungelifunga ndani. Hapa nje sote tuna upepo tayari."

Watu walicheka, Mzee Kalinga naye akacheka, maana mtu akichekwa mbele ya mchungaji hana njia nyingine. Lakini Atuganile, aliyesimama nyuma ya mama mkwe wake kama kawaida yake, aliiona shingo ya mzee ikibadilika rangi, akayarudisha macho yake chini haraka. Hakutakiwa hata kuiona hiyo shingo.

*

Mzee Kalinga alikuwa fundi baiskeli, na kwa miaka thelathini hakuna gurudumu lililomshinda. Ile difu aliipata kanisani. Jumapili ya mavuno watu huleta walichovuna, na baada ya ibada kinanadiwa uwanjani: mayai, miwa, maboga, kuku aliyefungwa miguu. Mwaka mmoja dereva ambaye hakuwa na shamba alileta difu kama sadaka yake, na mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliizunguka akikuna kichwa, akauliza, "Nani anataka boga la chuma?" Jailos alikuwa amekuja kununua kuku. Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, difu ikiwa juu ya keria.

Mapipa aliyakata mwanawe Benjamini huko Mlandege, Iringa mjini, alikokuwa akichomelea mageti ya watu, akayatuma kwa lori la mbao. Pampu yenyewe ilikuwa ya kamba: kamba inashuka kisimani na kupanda ndani ya bomba, na kila hatua moja imefungwa kipande cha mpira kinachobeba maji yaliyo juu yake. Vipande hivyo alivikata Atuganile, mke wa Benjamini, kutoka kwenye kandambili kuukuu. Vilikuwa vipande hamsini na viwili, vyote vya duara safi, alivyompa mama mkwe ampelekee mzee.

Pampu hiyo iliweza kuzungushwa kwa mkono, lakini mkono huchoka kabla ya jaruba la tatu, na shamba la vitunguu lilikuwa na majaruba themanini. Mwaka uliopita maji yalitoka kwenye pampu ya Edmund, na nusu ya vitunguu ilikwenda kwa Edmund. Hakuwa mwizi. Petroli ilikuwa yake, pampu yake, na aliyesema bei ni ghali aliambiwa kwa upole ajaribu ndoo. Lakini ile nusu iliyobaki haikutosha kumlisha kila mtu, ndipo Benjamini akafunga begi akaenda kuchomelea mageti, na Atuganile akabaki na wakwe zake. Nusu nyingine ikiondoka mwaka huu, Benjamini angebaki Mlandege mwaka mwingine. Hilo halikuhitaji kusemwa na mtu. Lilikaa mezani pamoja na chumvi.

Vitunguu vilikuwa vimeanza kuvimba ardhini. Hapo ndipo vinapotaka maji kuliko wakati wowote, na hapo ndipo havisamehe.

"Nipe hadi Alhamisi," Mzee Kalinga alimwambia Edmund.

"Alhamisi nakuja na pampu," alisema Edmund. "Nakuja na karatasi pia, tusije tukasahauliana."

*

Sasa kuna jambo la Atuganile na baba mkwe wake ambalo lazima lielezwe.

Atuganile alitoka milimani, upande wa Mbeya, alikoachia shule darasa la tano. Kwa mama yake alifundishwa kwamba mke wa mtu hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, halitaji jina lake, na akimwona njiani anampisha hata kama ni kuingia kwenye miiba. Mzee mwenyewe akitaka kuiondoa haya hiyo, alete zawadi kwa mkono wake. Asipoleta, haya inabaki. Mzee Kalinga alikuwa Mhehe na hakulijua hili. Mwezi wa kwanza alidhani binti anaumwa. Mwezi wa pili alimuuliza mkewe, Veneranda, "Huyu mtoto, kila nikitokea anaruka nyuma ya banda la kuku. Nimemkosea nini?"

Alipoelezwa alifikiri sana, kisha akafanya kama fundi. Alichukua kengele ya baiskeli, akaiweka mfukoni, na kila alipokaribia uani aliipiga, kring kring, ili mkwe apate nafasi ya kujificha bila kuvunja vyungu. Miaka miwili watu wa Ruaha Mbuyuni walimwona Mzee Kalinga akipiga kengele bila baiskeli, wakazoea.

Kwa hiyo mtu pekee aliyeona sahani ya chini alikuwa mtu pekee asiyeweza kumwambia mwenye mtambo. Na hata kwa mama mkwe, ambaye alizungumza naye vizuri tu, neno lilimkwama. Akimwambia ameona, ataulizwa ameona lini.

*

Jumatatu watu waliopita barabarani walisalimia feni kwanza. "Kamwene, feni," walisema, halafu ndipo wakamsalimia mwenyewe. Mzee Kalinga aliongeza grisi. Upepo ulipovuma saa nane, mapipa yalikwenda kasi zaidi kuliko Jumapili, na bomba likabaki kavu kama filimbi.

Jumanne upepo ulilala. Hakuna jani lililotikisika kutwa nzima, na Veneranda na Atuganile walibeba ndoo kutoka mtoni tangu alfajiri. Kufika adhuhuri walikuwa wamenywesha majaruba sita. Walikaa kwenye tuta kupumzika, miguu ndani ya matope machache waliyoyatengeneza.

"Umenyamaza kuliko kawaida yako," alisema Veneranda, "na kawaida yako ni kunyamaza. Una nini?"

"Hamna, mama."

"Hamna yako naijua. Ile ya mwaka jana ilikuwa jino, ukavimba shavu kama umeficha yai."

Atuganile alichora duara kwenye udongo kwa kidole. Akachora jingine chini yake.

"Mama, sahani ya chini inazunguka."

"Mtambo ni wa kuzunguka, mwanangu. Shida yetu ni kwamba unazunguka na haufanyi kitu kingine."

"Inazunguka kinyume. Inakula upepo wote." Alipokwisha kuanza, maneno yalikuja. Alikuwa akiuza vitunguu vya nyavu pale barabarani, malori yanapopumzika kabla ya kupanda mlima Kitonga, na masika aliona mengi. "Gari likizama tope upande mmoja, mama, lile tairi lililozama ndilo linazunguka. Linarusha tope tu. La upande wa pili, lililo pakavu, limelala. Nguvu inakwenda kwenye wepesi. Utingo akilikwamisha lile linalozunguka kwa gogo, lisipate njia, ndipo la pili linashika na gari linatoka."

Veneranda aliyatazama yale maduara.

"Kwa hiyo sahani ya chini ndiyo tairi la matopeni."

"Ndiyo, mama. Ifungwe."

"Uliona lini hili?"

Atuganile aliyafuta maduara kwa kiganja. "Leo," alisema.

Jioni, kwenye ugali, Veneranda aliufikisha ujumbe. Atuganile alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa miti, hakukosa hata neno moja.

"Mkwe wako anasema sahani ya chini ifungwe."

"Ifungwe?" Mzee Kalinga aliacha kutafuna. "Mwambie ndaga, kama wanavyoshukuru kwao. Mwambie nimesikia. Lakini Mama Benja, maisha yangu yote watu wananiletea magurudumu yaliyokwama, na mimi nayafanya yazunguke. Leo niende kukwamisha gurudumu zima? Hapa uani nilipoijaribu difu ilikuwa inavuta vizuri, ulishuhudia wewe mwenyewe."

"Hapa uani ilikuwa imelala chini kwenye vumbi. Labda vumbi ndilo lililokuwa linaishika."

"Sasa na wewe umekuwa fundi."

"Mimi nabeba ndoo," alisema Veneranda. "Kama kuna ufundi humo, basi ndio."

Mzee alimaliza ugali. Jumatano asubuhi aliongeza grisi tena.

*

Alhamisi Edmund alikuja kabla ya upepo, pampu yake juu ya toroli. Aliishusha karibu na kisima, akaikalia kama kigoda, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mchungaji Eliezeri naye alikuja, aweke sahihi ya ushahidi, lakini kwa kweli alikuja kwa uchungu wake mwenyewe. Tangu Jumapili waumini walikuwa wakimuuliza ile sala ilikuwa ya ujazo gani.

Atuganile alikuwa akitwanga mahindi nyuma ya jiko, hatua thelathini kutoka kisimani. Aliwaona wote kupitia nafasi za ukuta. Mama mkwe alisimama pembeni, mikono kifuani.

"Nusu," Edmund alisoma. "Kama mwaka jana. Sikupandisha hata debe moja, kaka Jailos, ingawa petroli imepanda. Hilo ulione."

"Nimeliona," alisema Mzee Kalinga.

"Na feni unaweza kuliacha. Linapendeza."

Saa nane ilifika. Upepo ulitokea bondeni ukiinua vumbi la barabarani, ukayapata mapipa, na mapipa yakaanza. Mzee Kalinga aliyatazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mrefu, na siku hiyo hakuonekana mrefu. Akajipapasa mfukoni kutafuta miwani yake ya kusomea.

"Benja nitamwambia mimi," alisema Veneranda. "Wewe usimpigie. Utaanza kumwelezea habari za grisi."

Mchungaji alimpa mzee kalamu.

Atuganile aliacha kutwanga. Alisimama na mchi mkononi, akasikia moyo wake ukiendelea kutwanga peke yake. Kisha akavuta kanga juu ya kichwa mpaka kwenye nyusi, akatoka nyuma ya jiko.

Alipita katikati ya uwanja akitazama vidole vyake vya miguu. Mzee Kalinga alimwona anakuja, na kwa mazoea ya miaka miwili, kalamu mkono mmoja, aliingiza mkono wa pili mfukoni akapiga kengele. Kring kring. Lakini mkwe hakukimbia. Ni mzee mwenyewe aliyejikuta ameruka pembeni, akasimama nyuma ya nguzo ya mtambo wake.

Atuganile alipiga magoti kando ya shimo akiwa amewapa mgongo. Sahani ya chini ilikuwa inakwenda mbio, grisi ikirukia mikono yake. Alingoja, akahesabu kimoyomoyo, akaupenyeza mchi katikati ya nati mbili.

Sahani iliubeba mchi, ikauzungusha robo duara, ikaupigiza kwenye nguzo. Ko. Mchi uling'ang'ania nguzo. Sahani ikasimama.

Juu, mapipa yalisita kama mtu aliyesikia anaitwa. Upepo ukayasukuma. Shafti ya kulala ilitikisika, ikageuka kidogo, ikageuka tena, halafu ikaanza kwenda. Gurudumu la kamba lilipiga kelele. Kamba ikapanda, na kandambili za Atuganile zikaanza kupita moja baada ya nyingine, nyekundu, kijani, buluu, zikiingia kisimani zikiwa kavu. Bomba lilikohoa. Lilitoa hewa, likatoa buibui, likatoa maji ya rangi ya chai, mara maji meupe yakajaa mdomo wote na kumwagika kwenye mfereji.



"Amina," alisema Mchungaji Eliezeri. Ilikuwa siku ya nne tangu sala.

Edmund aliyatazama maji yakipita kati ya miguu ya pampu yake. Aliikunja karatasi mara nne, kisha mara ya tano. "Kumbe feni lina maji," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alivua viatu, akakunja suruali. "Haya, nani anafungua majaruba? Au mtaniacha nikae hapa kama mgeni wa harusi?"

Walifungua majaruba mpaka jua lilipozama.  Mara kwa mara Mzee Kalinga alirudi pale shimoni, akachuchumaa, akautazama mchi jinsi ulivyobana, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kosa kwenye daftari lake mwenyewe.

Veneranda ndiye aliyekumbuka. "Sasa sisi leo tunatwanga na nini?"

"Leo hatutwangi," alisema Mzee Kalinga. "Chemsha viazi."

*

Jumamosi asubuhi Atuganile alikuwa jikoni peke yake. Mama mkwe alikuwa amekwenda barabarani kumpokea Benjamini. Benjamini mwenyewe alikuwa amepiga simu jana yake, mashine ya kukatia vyuma ikinguruma nyuma yake, akisema mageti yatamngoja, vitunguu havimngoji.

Kring kring.

Atuganile alijibanza kwenye kona. Hatua zilikuja mpaka mlangoni zikakoma. Kitu kiliegemezwa ukutani, na akakijua kwa mlio wake: mchi. Gogo la kukalia lililalamika. Mzee Kalinga alikuwa amekaa nje, mgongo kwa mlango, na kwapani mwake kulikuwa na kuku.

"Wewe kuku," alisema Mzee Kalinga kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. "Mwambie mama wa humo ndani kwamba mchi wake umerudi. Umeoshwa kwa sabuni mara tatu. Ukinukia grisi kidogo, unga ustahimili."

Kuku alipapatika kwapani. 

"Mwambie nimetia bolti mbili na pande la chuma. Sahani haiendi popote. Mwambie mimi nimekuwa fundi miaka mingi, na nilikuwa naipaka grisi njia ya kupotelea maji."

Alikohoa.

"Mwambie kuwa wewe, kuku, ni zawadi. Mama Benja amenieleza desturi. Nilitakiwa kukuleta miaka miwili iliyopita, lakini hakuna aliyenieleza vizuri, na mimi nikachukua kengele."

Alimweka kuku kizingitini. Kuku aliangalia huku na huku, akaingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe, akaanza kudonoa makapi karibu na vidole vya Atuganile. Nje upande wa shamba kulisikika maji ambayo upepo wa jana uliyajaza kwenye tanki yakishuka kwenye mfereji.

"Kitu kimoja tu kinanisumbua," aliendelea mzee, na sasa alikuwa amesahau kuzungumza na kuku. "Mama Benja ananiambia mkwe alisema ameiona ile sahani siku ya Jumanne. Mimi Jumanne nilikaa na ule mtambo kutwa. Upepo haukuvuma. Haukuzunguka hata nusu. Sasa mtu ameionaje?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama fundi anavyouliza, kwa sababu nati moja imebaki mkononi na baiskeli imeshafungwa.

Atuganile aliinama, akamshika kuku. Alikuwa mzito, wa moto, moyo wake unakwenda mbio kama wa kwake. Alimkumbatia, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo lakini ilifika.

"Jumapili, baba," alisema. "Mchungaji alipokuwa akiomba. Mimi sikufumba macho."